Injili Ilipitia Mlango wa Jikoni

Mwenye Biblia karibu naye na afungue Injili ya Marko, mlango wa 5. Humo tunasoma habari za mtu aliyekaa makaburini, ambaye hata minyororo haikumweza. Yesu akamponya. Watu walipomkuta ameketi, amevaa nguo, ana akili zake timamu, waliogopa. Lakini leo sitaki tukae juu ya pepo wale, wala juu ya nguruwe waliozama baharini. Nataka tuangalie jambo lililotokea Yesu alipokuwa akipanda mashua kuondoka. Mtu yule alimsihi aende pamoja naye. Ni ombi jema. Sijui mchungaji ambaye angelikataa. Yesu alilikataa. Alimrudisha nyumbani, kwa watu wake mwenyewe, akawaeleze mambo aliyotendewa na Bwana.

Ingekuwa rahisi kumpeleka ng'ambo. Kule ng'ambo hakuna aliyemjua. Lakini nyumbani walizijua kelele zake za usiku. Walikumbuka alimpiga nani, na mama yake alilia mara ngapi. Mtu hawezi kuwahubiria watu wa namna hiyo kwa maneno matupu. Watamtazama kwanza siku nyingi, wakati wa kula, wakati wa kugombana, wakati wa kugawana kilicho kidogo, ndipo waamue kama kuna jambo la kusikia.

Chuoni tulifundishwa historia ya Kanisa la Afrika Mashariki kwa tarehe za misheni. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. CMS walifika Buganda mwaka 1877. Wamethodisti walikuja Meru mwaka 1912. Daktari Irvine alianza kazi Chogoria mwaka 1922. Tarehe hizo ni za kweli, na ni vizuri vijana wetu wazijue. Lakini zinatuambia tu mmisionari alifika lini. Hazituambii imani iliingiaje katika nyumba ya jirani yake, ikakaa humo, ikavuka tena kwenda nyumba ya pili.

Sisi Waanglikana tulio hapa Gakoromone tunalo jambo la kujifunza katika hili. Zamani misheni za Kiprotestanti ziligawana sehemu za mlima huu ili zisigombanie watu. Embu ilikuwa ya CMS, Chogoria ikawa ya Kanisa la Scotland, na Meru ikawa ya Wamethodisti. Kwa mpango ule, hapa hapakuwa petu. Ukimwuliza Mwanglikana mzee wa Meru jinsi alivyofika, mara nyingi atakuambia habari ya uhamisho wa kazi, au ya ndoa, au ya biashara. Ramani ya misheni ilikuwa na mipaka, lakini mtu akihamishwa anahama na maombi yake. Anapanga chumba, anaweka meza, na jioni anafungua Kitabu cha Sala. Jirani anasikia.

Na sokoni kwetu mambo ni yale yale. Mhubiri huja na kipaza sauti, akasimama karibu na wauza ndizi, akatangaza neema kwa sauti kuu. Mama anayepima maharagwe kwa gorogoro haachi kupima. Anasikia, msidhani hasikii. Lakini yeye pia anajua kama nyumba ya mhubiri yule imelipa deni la viazi la juma lililopita.

Sasa nataka tukumbuke jambo gumu lililotokea katika nchi hii ya mlima. Mwaka 1929 kulitokea mgogoro mkubwa juu ya tohara ya wasichana. Kanisa la Scotland, Chogoria ikiwamo, liliwataka waumini wake watoe ahadi ya kuikataa desturi ile. Aliyekubali alitia sahihi, au alama ya kidole gumba, ambayo kwa lugha ya watu wa mlimani iliitwa kirore. Neno hilo likawa jina la kuwatambulisha waliokubali. Waumini wengi walitoka kanisani. Shule zikakosa watoto. Kukaimbwa nyimbo za kuwadhihaki wamisionari na chifu aliyekuwa upande wao. Mtu na nduguye, mke na mama mkwe, wakawa hawasalimiani.

Msinielewe vibaya. Juu ya jambo lenyewe, mimi sina shaka hata kidogo kwamba desturi ile iliwaumiza binti zetu. Tangu mwaka 2011 sheria ya Kenya inaikataza kabisa, na ni haki. Ninachouliza ni njia iliyotumika. Karatasi ilipelekwa kwa baba. Lakini katika nyumba ya siku zile jambo la binti halikuwa mikononi mwa baba peke yake. Lilikuwa la nyanya, la shangazi, la mama na wenzake wa rika moja. Wanawake wa Meru walikuwa na baraza lao, kiama kia aka, na huko ndiko msichana alikofanywa kuwa mtu mzima. Karatasi ya misheni ilibisha hodi kwenye mlango wa mbele, na wenye uamuzi walikuwa jikoni.

Alikuwako mmisionari mmoja wa Kimethodisti aliyeliona hili. Jina lake Mary Holding, na alifanya kazi Meru katika miaka ya 1930 na 1940. Aliketi na wanawake, akauliza, akasikiliza. Mwaka 1942 aliandika makala juu ya vyama vya wanawake na Kanisa la Afrika, akionyesha kwamba Kanisa haliwezi kuvipita vyama hivyo kana kwamba havipo. Natamani wengi zaidi wangalimsikiliza. Kwa maana mwaka 1956 amri ilikuja tena. Safari hii ilitangazwa na wazee wa Njuri Ncheke, wakishirikiana na serikali ya wakati ule, kwamba tohara ya wasichana ni marufuku katika Meru yote. Matokeo yake? Wasichana wenyewe walinunua wembe dukani, wakaenda kutahiriana. Waliitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Kwa miaka mitatu hivi watu zaidi ya 2,400 walishtakiwa. Wengine wao walikuwa watoto wa shule. Baadhi ya bibi zetu walio hai leo wanakumbuka.

Amri ya wazee wanaume, na nyuma yake askari. Hakuna aliyekuwa amezungumza na yule msichana jioni akipepeta mahindi na mama yake.

Basi katika mwaka ule ule wa 1929, Chogoria ilipokuwa ikigawanyika, mbali upande wa magharibi kulikuwa na mambo mengine. Daktari mmoja Mwingereza, Joe Church, alikuwa na hospitali ya misheni mahali panapoitwa Gahini, nchi ya Rwanda. Njaa kubwa ilikuwa imepita huko. Alikuwa amechoka, mwili na roho. Mwezi wa Septemba alikwenda Kampala kupumzika, na kwenye kilima cha Namirembe akakutana na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi, mfanyakazi wa serikali katika idara ya afya. Watu hao wawili walifungua Biblia pamoja, wakasoma habari za Roho Mtakatifu, wakaomba. Mweupe na mweusi, wakati ambapo haikuwa kawaida wawili hao kupiga magoti wakiwa sawa. Wengi wetu tunauita mkutano huo chanzo cha uamsho wa Afrika Mashariki.

Hayo mnayajua. Wimbo wa Tukutendereza mnaujua pia, hata asiyejua neno jingine la Kiganda anaujua. Lakini angalieni uamsho ule ulipita njia gani baada ya siku zile. Nsibambi alikuwa na ndugu mdogo, Blasio Kigozi. Huyo alikwenda Gahini kufundisha. Nsibambi alikuwa na mke, Eva, binti wa mchungaji Bakaluba. Eva alikuwa na dada, Sala, naye aliolewa na William Nagenda. Nagenda akawa mhubiri aliyejulikana duniani kote. Ndugu, shemeji, dada wa mke! Moto ule, kabla haujafika kwenye mikutano mikubwa ya maelfu, ulipita katika nyumba za jamaa moja, mezani na kwenye kikao cha shemeji. Kigozi alifariki Januari 1936 kwa homa ya kupe, baada ya kulisihi Kanisa la Uganda liamke. Neno lake lilikuwa Zukuka, yaani amka. Nafikiri neno hilo alikuwa amelisikia nyumbani kwa kaka yake muda mrefu kabla ya yeye kuwaambia wakuu wa Kanisa.

Huko Gahini alikuwako mtu mwingine, Yosiya Kinuka, msimamizi wa wasaidizi wa hospitali. Kazi ilikuwa mbaya, wafanyakazi walinung'unika, wagonjwa hawakutunzwa vizuri, na Kinuka alikuwa mkubwa wa wanung'unikaji. Mapema katika miaka ya 1930 alikwenda Kampala akamtembelea Nsibambi. Alieleza mabaya yote ya hospitali. Nsibambi hakubishana naye juu ya hospitali. Alimwonyesha kwamba shida ilianzia moyoni mwake yeye Kinuka. Kinuka aliondoka na hasira, lakini njiani kurudi alimkabidhi Bwana maisha yake. Alipofika Gahini, wenzake waliona mambo yaliyogeuka: jinsi alivyofanya kazi, jinsi alivyosema na wagonjwa. Ndipo akaanza kusikilizwa.

Ndugu wa uamsho walikuwa na desturi waliyoiita kutembea nuruni. Mtu akimkosea mwenzake, haraka anakwenda kwake, anataja kosa kwa jina lake, anaomba msamaha. Waliiba sukari ya mwajiri, wakarudisha. Waliendesha baiskeli maili nyingi kurudisha vifaa vya ofisi ya serikali. Wanaume walikiri mbele ya wake zao. Nisiseme kwamba kila ungamo lilikuwa la hekima. Wengine walitaja hadharani mambo ambayo yaliwaaibisha wasiokuwapo, na wengine wakaanza kumpima kila mtu kwa kipimo cha ushuhuda wake, wakawa na kiburi cha unyenyekevu, ambacho ni kiburi kigumu kuliko vyote. Kanisa lilisumbuka nao mara nyingi. Hata hivyo jirani asiyesoma Biblia aliweza kuelewa sukari iliyorudishwa.

Festo Kivengere ndiye aliyelieleza jambo hili kwa namna ninayoipenda zaidi. Alikuwa mwalimu wa shule huko Kigezi, kijana mlevi na mwenye dharau kwa waliookoka. Mwaka 1941 mpwa wake mwenyewe, msichana mdogo, alishuhudia kanisani kwamba Festo atarudi kwa Bwana. Alitoka na hasira, akaenda kunywa. Baadaye rafiki yake akamjia kwa baiskeli, uso wake ukiwa umejaa furaha, akamwomba msamaha kwa mambo aliyomkosea. Jioni ile Kivengere alipiga magoti. Baadaye akawa mhubiri mkubwa, akawa Askofu wa Kigezi tangu mwaka 1972, na mwaka 1977 akakimbia nchi yake baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa. Aliaga dunia mwaka 1988.

Basi askofu huyu, aliyehubiri katika mabara mengi, alikuwa akisimulia kisa kimoja juu yake na mkewe Mera. Siku moja walikuwa wamegombana, na saa ya kwenda kuhubiri ilikuwa imekaribia. Akiwa anatoka, moyoni alisikia Bwana akimwambia arudi aombe msamaha na kusali na mkewe. Akajibu kwamba hana nafasi, watu wanamngoja. Akaambiwa basi aende akahubiri, Bwana atabaki na mkewe jikoni. Kivengere aliona hawezi kwenda kuhubiri peke yake. Akageuka. Nimesikia wahubiri wengi wakisimulia kisa hiki, na watu hucheka. Mimi pia hucheka. Lakini nadhani wanawake hucheka kwa namna nyingine kuliko sisi wanaume.

Katika nyumba nyingi za leo yupo mtu mwingine anayetuona zaidi ya mke na watoto. Ni msichana wa kazi. Yeye ndiye anayefungua mlango mchungaji akija kwa chai. Anasikia sala ya kabla ya chakula, na anasikia maneno ya baada ya chakula. Anajua kama mshahara wake ulilipwa mwisho wa mwezi au uliambiwa ungoje. Someni 2 Wafalme, mlango wa 5. Naamani, jemadari wa Shamu, alipona ukoma kwa sababu msichana aliyetekwa Israeli, mtumishi wa mkewe, alisema neno moja nyumbani mle. Jina lake halikuandikwa. Msichana yule hakuwa na sababu ya kumtakia jemadari mema. Na angalieni: bibi wa nyumba alimsikiliza, na bwana wa nyumba akamsikiliza mkewe. Ni nyumba ya Mataifa, lakini humo mtumishi aliweza kusema na akaaminiwa. Nawauliza wenye nyumba wa Kikristo wanaonisikia asubuhi hii: kama msichana wako wa kazi analo neno la Mungu kwa ajili yako, atalisema mbele ya nani?

Turudi Kenya. Mwaka 1937 kikundi cha ndugu wa uamsho kilifika Kabete, na kutoka hapo habari zikapanda hadi kwenye mlima huu. Kati ya viongozi wa kwanza alikuwa Obadiah Kariuki. Mke wake alikuwa binti wa Chifu Mkuu Koinange. Binti mwingine wa Koinange alikuwa ameolewa na Jomo Kenyatta. Mnaona basi nyumba aliyoingia kwa ndoa. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ilitangaza Hali ya Hatari. Kenyatta alikamatwa. Koinange naye alikamatwa, akawekwa kizuizini miaka mingi. Na Kariuki alikuwa mchungaji, mmoja wa watu waliokataa kula kiapo.

Kiapo cha Mau Mau mara nyingi kililiwa usiku, nyumbani mwa mtu, na aliyekuja kukuita alikuwa binamu, jirani, au rika lako. Hapo ndipo imani ya watu wale ilipojulikana uzito wake. Ndugu wa uamsho walijibu kwamba wamekwisha kunywa damu ya Yesu, hawawezi kunywa nyingine juu yake. Wengine walipigwa. Wengine waliuawa. Wala hawakuwa watu wa serikali: wengi wao walikataa pia kuchukua bunduki za walinzi wa nyumbani, wakasema hawawezi kumwua jirani yao. Kwa hiyo walishukiwa na pande zote mbili. Mimi sisemi kwamba kila aliyekula kiapo alikuwa adui wa Mungu. Nchi ilikuwa imenyang'anywa ardhi yake, na baadhi ya waliokula kiapo walikuwa watu wa sala. Nasema tu kwamba yule aliyekataa, alimkataa mtu aliyemjua kwa jina, mlangoni pake mwenyewe, watoto wakisikiliza kitandani. Na kulipopambazuka alikwenda kisimani pamoja na mke wa mtu yule.

Kuanzia mwaka 1954 watu wa Kikuyu, Embu na Meru walihamishwa kwa nguvu, wakawekwa katika vijiji vilivyozungushwa mitaro na miiba. Nyumba zilibanana. Wajane wa pande zote mbili walichota maji mahali pamoja. Katika vijiji vile, mke wa aliyeuawa na mke wa aliyeshukiwa kuua wangeweza kuazimana moto. Mwaka 1955, vita vikiwa bado vinaendelea, Kariuki aliwekwa wakfu kuwa askofu, na ibada hiyo ilifanyika Namirembe, kwenye kilima kile kile.

Na Nsibambi je? Wengi hudhani alizunguka dunia kama Nagenda na Kivengere. La. Alianza kuugua, na tangu miaka ya 1940 alikaa nyumbani kwake Kampala, hakutoka kwenda kwenye mikutano mikubwa. Zaidi ya miaka 30 alikaa humo. Wakati huo uamsho ulifika Kenya, Tanganyika, Kongo na Sudan ya kusini, na jina lake likatajwa Ulaya na Marekani. Yeye alikuwa nyumbani na Eva na watoto. Mmoja wao, Apolo, alikuja kuwa Waziri Mkuu wa Uganda kuanzia mwaka 1999. Waliotaka kumwona iliwabidi waende kwake, wabishe hodi, waketi. Walikwenda, mmoja mmoja na wawili wawili, mpaka alipofariki mwaka 1978.